Umeme wa Sabili

Usiku usio na mwezi, mtu aliyekaa juu ya vilima vya Kigoma akatazama magharibi huona mji wa pili umezuka majini. Taa ni nyingi, nyingine nyeupe kali, nyingine zimekuwa vitone kwa umbali, na zote hupanda na kushuka pamoja na mawimbi. Huo si mji, ni wavuvi wa dagaa. Dagaa wa Tanganyika hufuata mwanga, na mvuvi asiye na taa hana kazi usiku huo. Mbalamwezi ikiwadia kazi hulala, kwa kuwa mwezi umeliwasha ziwa zima na dagaa hawana tena sababu ya kukusanyika chini ya taa ya mtu mmoja.

Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Ilikula mafuta ya taa, ilitaka kupigwa pampu, iliunguza vidole, na kila mvuvi aliijua gharama yake kabla hajausukuma mtumbwi. Siku hizi karabai zimezipisha taa za betri. Betri haimwagiki wala haitoi moshi, na ikiishiwa asubuhi haidai ila kupelekwa penye umeme. Hapo ndipo lilipozaliwa suala ambalo wazee wa karabai hawakuwa nalo. Hapana mvuvi aliyekwenda msikitini na dumu akaomba lita moja ya mafuta kutoka kwenye taa ya kibla ili akavulie. Angeona haya, na mwadhini angemdhania amerukwa na akili. Lakini mtu huyo huyo, au mwanawe, aweza kuingia alfajiri, akachomeka betri yake kwenye soketi ya ukuta wa baraza, akasali, akaenda zake kulala, na nafsi yake isimnong'oneze kwamba amechukua kitu.

Je, amechukua?

Msikiti umetajwa kwa kuwa Ujiji ni mji wa misikiti, lakini suala halina dini. Ukumbi wa kungojea meli, stesheni ya reli, ofisi ya kijiji, skuli, zahanati: popote palipo na tundu la umeme lililowekwa kwa ajili ya watu, pana mwenye haja ya kupita na pana mwenye haja ya kila siku. Wa kwanza ametoka Kasulu, simu imemzimikia, na nduguye anamngojea asijue ashukie wapi. Wa pili anakaa mtaa wa nyuma, ana betri mbili na simu tatu, na huja kila siku kwa saa ile ile kama mtumishi wa ofisi. Wote wawili hawalipi. Mlango uliowafungukia ni mmoja. Ila mtu yeyote akiwatazama hao wawili wamechutama mbele ya soketi moja huhisi kwamba hawako sawa, na kazi ngumu ni kueleza kwa nini.

Njia ya mkato ni kusema kwamba mmoja anachukua kidogo na mwingine kingi. Hesabu yenyewe ni fupi. Simu moja ikijaa haimalizi hata sehemu ya arubaini ya uniti ya umeme, na uniti moja, kwa bei ya kawaida ya TANESCO ya miaka ya karibuni, haijafika shilingi 400. Msafiri wa Kasulu, basi, ameondoka na thamani isiyotimia shilingi kumi. Betri ya taa, ile ya volti 12 na saa-ampea 50, hunywa yapata robo tatu ya uniti, nayo ni kama shilingi 250. Mvuvi akitoka usiku ishirini kwa mwezi, ni shilingi 5,000. Wakiwa wavuvi kumi, ni 50,000, na hapo kamati ya msikiti huanza kuulizana ni feni gani inayokula umeme kiasi hicho.

Bara mita hizo huitwa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Unguja na Pemba wanazijua kwa jina la TUKUZA. Ni chombo chenye adabu ya ajabu: hakimlaumu mtu, hakimtaji mtu, kinahesabu tu kurudi nyuma mpaka sifuri, kisha giza. Katika lugha ya mita neno “bure” halimo. Kila kinachotoka ukutani kimenunuliwa na mtu, na kama mlaji hakumwona mnunuzi, mnunuzi hakukosekana kwa hilo. Huenda ni ajuza aliyekunjua kitambaa chake siku ya Ijumaa akatia sarafu kwenye kisanduku, akinuia mwanga wa kusomea Kurani.

Lakini wingi peke yake hautoshi kuwa hoja. Laiti ungetosha, mtu angeweza kugawa dhuluma yake vipande vidogo vidogo mpaka kila kipande kikawa halali.

Waislamu wa mwambao wana mapokeo mashuhuri, yaliyomo katika mkusanyiko wa Abu Daud, yanayowafanya watu kuwa washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Mwenye betri aweza kushikamana nayo. Umeme si moto wa zama hizi? Na ni kweli kwamba katika vijiji vya zamani hakuna aliyemnyima jirani kijinga cha moto. Mtoto alitumwa na kigae, akarudi na kaa linalofuka, na jiko lililotoa halikupungukiwa. Uzuri wa moto ndio huo, kwamba ukigawika huzidi. Umeme haukurithi uzuri huo. Unawaka kama moto lakini unakauka kama maji ya mtungini, na wanazuoni waliokwisha kuwashirikisha watu katika maji ya mto hawakukawia kusema kwamba maji yaliyokwisha kutekwa na kutiwa chomboni yana mwenyewe. Ziwa ni la wote. Mtungi ni wa aliyeuchota. Na hata ziwa, kwa ukubwa wake wote, lina kiasi chake: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Mali ya wote ilikuwa imeanza kuwaishia wote.

Ulipo msaada mkubwa zaidi ni katika mlango wa sabili. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa sabili ni nini: ni maji aliyoyatoa mtu kwa ajili ya Mungu, yakawekwa njiani au ukutani pa msikiti ili kila mwenye kiu anywe. Fikihi ya Kishafii, ambayo wanazuoni wa mwambao wameisomesha kwa karne nyingi, ina hukumu moja juu yake inayofaa kutafakariwa polepole. Maji yaliyotolewa sabili kwa ajili ya kunywa ni haramu kuyatilia udhu. Si kuoshea miguu yenye tope wala kumwagilia mchicha, bali udhu wenyewe! Na jambo la kushangaza zaidi ni kwamba aliyetawadha kwa maji hayo, udhu wake husihi. Sala yake inasimama, na dhambi ya maji inabaki pale pale. Hekima iliyofichika humo ni nzito. Wema wa lengo hauhamishi kitu kutoka katika haja kiliyokusudiwa kwenda haja nyingine, hata iwe haja tukufu. Mwenye kiu ana haki. Mwenye kutaka kusali akatafute kisima.

Kwa kipimo hicho, kulisha watoto kwa uvuvi ni jambo jema lisilo shaka, na bado halijibu swali la soketi. Swali ni aliyeiweka aliiwekea nini. Mara nyingi hakusema. Fundi aliitoboa kwa ajili ya kipaza sauti au feni ya Ramadhani, na hakuna aliyeandika sharti. Lakini kanuni nyingine ya wanazuoni hao hao husema kinachojulikana kwa ada ni kama kilichoshurutishwa kwa maneno, na ada ya watu wa mwambao haina utata: cha njiani ni cha mpita njia.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, maana mpita njia hana muhuri usoni. Mtu huanza kuwa mhitaji wa dharura na kuishia kuwa mhitaji wa kila siku bila ya kuvuka mpaka unaoonekana. Unguja imelipitia jambo hili. Mwezi wa Mei 2008 umeme uliokuwa ukija kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara ulikatika, ukarudi Juni. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii kisiwa kilikaa gizani mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Anayekumbuka siku zile anakumbuka ngurumo za jenereta. Mwenye jenereta alijikuta ana jamaa asiowajua. Siku ya kwanza, jirani aliyeleta simu alipokewa kwa “karibu”, na kukataa kungekuwa fedheha ya mtaa mzima. Na siku ya arubaini? Dharura ilikuwa ile ile, giza lile lile, lakini kitu kilikuwa kimebadilika. Jirani hakuwa tena mtu aliyepatwa. Alikuwa mtu mwenye ratiba.

Waswahili wamelimaliza jambo hili kwa maneno machache, nayo ni mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Julius Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 katika andiko lake la Ujamaa kuonesha kwamba ukarimu wa Kiafrika haukuwa ruhusa ya kunyonya. Husomwa mara nyingi kama onyo kwa mgeni, na wengine huitumia kwa uchoyo, wakianza kuhesabu siku mgeni angali mlangoni. Ukiisoma kwa utulivu haina kufukuza ndani yake. Haisemi siku ya tatu mpe mkoba wake. Jembe ni la shamba la nyumba hiyo, na anayekabidhiwa jembe anaambiwa: umekuwa mmoja wetu, njoo uchoshwe na kinachotuchosha.

Ujiji, mwisho wa njia ya misafara, imewahi kumlea mgeni wa namna hii. David Livingstone aliingia mjini humo mwaka 1871 akiwa mgonjwa, akakuta shehena aliyotumiwa imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Kabla Stanley hajafika, aliishi kwa hisani ya wafanyabiashara wa mji, miongoni mwao watu ambao biashara yao ya watumwa alikuwa akiilaani kwa kalamu. Hakuna aliyemwona mnyonyaji kwa kula chakula chao. Alikuwa amepatwa, na kila mtu alijua kwamba msafara ukija ataondoka. (Kama laana zake zilikuwa za haki, nazo zilikuwa, shukrani yake kwa mkate ilikuwa deni la upande mwingine wa daftari, na madaftari hayo mawili hayafutani.)

Walio na mali nao hawakunusurika na suala hili, bali kwao limejitokeza kwa sura ya kuchekesha. Kampuni ya Tesla ilipoanza kuuza magari ya umeme iliwajengea wenye magari vituo vya kuchajia kando ya barabara kuu na kuwapa wateja wake umeme bila malipo, ili wasiogope safari ndefu. Wengine wakaona ni bora kuchaji hapo kila siku, ingawa nyumba zao zilikuwa umbali wa dakika chache na zina umeme wa kutosha. Mwaka 2015 kampuni ikawaandikia barua baadhi yao kuwakumbusha kwamba vituo vile viliwekwa kwa ajili ya safari. Waliopelekewa barua walikasirika: si tuliambiwa bure? Kwa magari yaliyoagizwa tangu 2017 ahadi ile ikapunguzwa. Huko Uskochi nako mashine za umma zilizowekwa na halmashauri zilitoa umeme bure kwa miaka, halafu halmashauri moja baada ya nyingine zikaanza kutoza. Kanuni ya methali ni ile ile, ila wale walipewa jembe kwa njia ya posta.

Tofauti kubwa, hata hivyo, isifunikwe kwa mzaha. Mwenye gari la thamani ile ana ukuta wake na soketi yake. Kijana anayelala katika kambi ya wavuvi mwaloni, juu ya mchanga, hana ukuta. Mtu atamwambia: vuta umeme kwako, ada ya kuunganishiwa vijijini ilishushwa hadi shilingi 27,000. Ni kweli, na ni jambo la kupongezwa. Ila ada ni ya nguzo na mita. Nyaya za ndani ni gharama nyingine, na nyumba ya kuzitia nyaya hizo ni gharama ya tatu. Kwa kijana huyu, kumwambia asitumie soketi ya bure mpaka awe na yake ni sawa na kumwambia asinywe sabili mpaka achimbe kisima. Hapo hukumu ya mgeni inayumba. Mbona haja ya kila siku ya maskini ihesabiwe nyepesi kuliko haja ya ghafla ya tajiri aliyesahau kuchaji simu?

Hoja hiyo ina nguvu, na wengi huishia hapo wakaona aibu kuendelea. Lakini inafaa kuulizwa swali moja zaidi: betri ni ya nani? Katika uvuvi wa dagaa kijana anayebeba betri begani mara nyingi si mwenye betri. Mtumbwi una tajiri wake, na wavu, na mashine, na taa. Samaki wakipatikana hugawiwa baina ya mwenye chombo na wavuvi wake. Gharama ya kuwasha taa ni gharama ya biashara ile. Zamani tajiri alinunua mafuta, na alijua amenunua. Leo akimtuma kijana na betri barazani, umaskini ndio unaoingia kwa mlango wa msikiti, na faida inatokea kwa mlango mwingine. Sadaka ya ajuza imevaa kanga ya huruma ikaenda kuongeza mtaji wa mtu asiyeijua hata sura yake. Wala kijana hakupata kitu hapo: amepoteza usingizi wake kulinda betri isiibiwe.

Kwa hiyo kosa, likiwapo, si la aliyechomeka. Ni la aliyegundua kwamba wema wa wengine unaweza kutiwa katika hesabu zake za kila mwezi. Hilo ndilo linalowatenga wale wawili waliochutama mbele ya soketi. Msafiri ameukuta wema njiani, wakati yule mwingine ameupangia, ameupa saa na akabana bei kwa kuutegemea. Mwenye kuupangia wema wa watu amekwisha kuwa mwenyeji, apende asipende, na mwenyeji asiyeshika jembe ndiye anayemhusu yule aliyeitunga methali.

Jambo hili lingebaki kuwa mchezo wa fikra kama kila tundu la umeme lingekuwa la feni. Na ichukuliwe zahanati ya kijiji kusini mwa Ujiji, katika ufuko ambao watu bado huufikia kwa boti kuliko kwa gari, penye paneli mbili za sola juu ya bati na betri moja chini ya meza. Muuguzi ni mmoja. Mchana kila mwenye simu huileta, naye hakatai, kwa kuwa anaishi nao na huwahitaji. Jua la mvua ni haba. Saa nane za usiku analetwa mama mwenye uchungu, na taa ya chumba cha kujifungulia inawaka rangi ya chai, kisha inazimika. Hapana mwizi katika kisa hiki. Kila aliyechomeka alichukua kiasi cha shilingi kumi, kwa ruhusa, kwa salamu, na kwa “ahsante, dada”. Walichokula wote kwa pamoja ni ule mwanga wa mtu asiyekuwapo mchana kujisemea.

Wala muuguzi asiambiwe angeweka bango. Bango ni rahisi kulichora na zito kulisimamia, khasa kwa mtu mgeni wa kijiji anayekula samaki wa hao hao anaowazuia. Neno la kuzuia lingetakiwa litoke kwa wenye kijiji. Wao ndio wenye uchungu na mama yule, na wao ndio wenye simu.

Pwani na ziwani pana desturi ya kitoweo. Aliyesaidia kuvuta wavu au kusukuma chombo hapewi ujira, hupewa samaki wa mchuzi, na hakuna anayeuliza bei. Wavuvi wanaoona haya ya soketi hutafuta njia hiyo hiyo: asubuhi sahani ya dagaa hufika nyumbani kwa mwadhini. Mwadhini hupokea, kwa kuwa kurudisha ni kumvunjia mtu heshima, na watoto wake hula. Ni jembe la namna yake, na halifai kudharauliwa. Ila LUKU haili dagaa. Ili sahani ile ifike penye deni, ingebidi iuzwe sokoni na fedha zitiwe kisandukuni mbele ya watu, na hapo ingebidi isemwe waziwazi zinalipia nini, ambalo ndilo neno ambalo sahani ilitumwa kulifunika.

Kamati inayotaka kulisema haihitaji kumpeleleza mtu. Na ingoje mbalamwezi. Kwa siku zile chache mitumbwi iko juu mchangani, taa zimefunikwa, betri zimelala, na soketi ya barazani iko wazi kwa atakayetoka Kasulu simu yake imezimika. Mita hupunguza mwendo wake, na tarakimu zake husomeka na yeyote anayejua kusoma.